TUUPIME MOTO TUNAOPIKIA

Tarehe 1 Agosti mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua safari za treni ya umeme baina ya Dar es Salaam na Dodoma. Garimoshi la kwanza lilifika Dodoma mwaka 1910, wakati wa utawala wa Wajerumani, na tangu hapo watu wa nyanda za kati wamezoea kuona chombo cha reli kikitanguliwa na moshi wake. Leo abiria atoka pwani asubuhi, na kabla ya saa nne kupita amekwisha fika makao makuu ya nchi, wala hakuona moshi njia nzima. Hili ni jambo la kujivunia, nasi twajivunia.

Lakini abiria huyo huyo akishuka stesheni na kwenda nyumbani kwake Chang'ombe, Nkuhungu au Chamwino, mara nyingi atamkuta mkewe au dada yake akipuliza mkaa. Na akiendelea na safari mpaka kijiji cha Bahi au Kongwa atawakuta kina mama wakirudi porini na mizigo ya kuni kichwani, kama walivyorudi bibi zao. Umeme wa Taifa umekwisha kuvuta treni, bali chungu cha mwananchi bado chategemea mti uliokatwa. Ndiyo sababu leo twataka kulizungumza jambo hili kwa urefu: tupikie nini, tuwashie nini, na nani alipe gharama yake.

Twasema mapema kwamba hakuna nishati isiyokuwa na gharama. Iko inayolipwa kwa shilingi, iko inayolipwa kwa miguu ya mama, iko inayolipwa kwa mapafu ya mtoto, na iko ambayo deni lake wataletewa wajukuu. Mtu akija kwetu na nishati moja akaisifu tangu mwanzo hadi mwisho, bila kutaja hasara yake hata moja, yatupasa tumwulize anauza nini. Kazi ya Chama cha wakulima na wafanya kazi ni kuziweka zote katika mizani moja, na kutazama upande gani unamwelemea mnyonge.

Tuanze na kuni, maana ndizo za kale. Faida yake ni dhahiri. Haziagizwi ng'ambo, hazitaki waya wala mtungi, na mwenye nguvu ya kuzifuata hazimtoi senti mfukoni. Katika nchi ya Wagogo, Warangi na Wasandawe kuni zimepika ugali wa uwele na mlenda kwa vizazi visivyohesabika, nazo hazikuimaliza nchi kwa sababu watu walikuwa wachache na pori lilikuwa kubwa. Hasara zake nazo zaonekana. Mvua ya Dodoma haipiti sana milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa miezi michache tu, tangu Desemba mpaka Aprili. Mgunga uliokatwa hapa haurudi upesi kama mti wa Rungwe au wa Bukoba. Kwa hiyo kila mwaka pori lasogea mbali na kijiji, na safari ya mama yaongezeka. Tena moshi wa mafiga ndani ya tembe yenye dari la chini na dirisha dogo ni maradhi ya kifua na macho kwa mpishi na kwa mtoto aliye mgongoni mwake. Mtu asiseme kuni ni za bure. Ni za bure kwa yule asiyezibeba.

Mkaa ni mambo ya mjini, na mji wetu umekua kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini; sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Uamuzi huo ulikawia miaka mingi, mpaka Serikali ilipofunga mizigo kweli kweli kuanzia mwaka 2016, na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Watumishi walikuja na familia zao, wajenzi wakaja, wachuuzi wakaja, na wote hao wanakula. Wengi wao chakula chao kimepikwa kwa mkaa uliochomwa Manyoni, Chemba, Mpwapwa na kwingineko.

Wako wanaomlaumu mnunuzi wa mkaa kana kwamba ni mtu asiyeipenda nchi yake. Sisi hatukubaliani nao. Mfanya kazi anayelipwa kwa siku hununua vitu kwa siku, na mkaa wauzwa kwa kopo na kwa ndoo, kila mtu kwa kadiri ya alichonacho mkononi. Hauozi, hauzimiki mtambo unapoharibika, na jiko lake mtu alipata kwa fundi wa mtaa. Tena biashara hii yalisha watu wengi: mchomaji, mpakiaji, dereva na mama anayeuza mafungu mbele ya nyumba yake. Hizo ndizo sababu mkaa umeshinda amri nyingi. Mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa, bei ikaruka, wananchi wakataabika, na marufuku ile haikudumu. Amri isiyompa mtu kitu kingine cha kupikia humfundisha kupika kwa siri.

Walakini hasara ya mkaa ni kubwa kuliko ya kuni, na yatupasa tuiseme bila kificho. Mchomaji wa kawaida hufukia magogo katika tanuri la udongo, na sehemu kubwa ya nguvu ya mti ule hupotea hewani kabla gunia halijafungwa. Hesabu ya wataalamu ni kwamba tani moja ya mkaa hula tani tano mpaka kumi za mti. Mpishi wa kuni hutosheka na matawi makavu, bali mchomaji wa mkaa huanguka mti mzima, tena mbichi. Tathmini ya misitu ya nchi ilionyesha kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza zaidi ya hekta 460,000 za misitu kila mwaka, na ingawa mashamba mapya na mifugo vina sehemu yake katika hasara hiyo, mkaa hauwezi kuachwa nje.

Watu wa nyanda za kati hawana haja ya kuhadithiwa nchi iliyovuliwa miti huwaje, kwa kuwa wanayo Kondoa. Ardhi ya vilima vile ilikwisha kuliwa na mvua mpaka ikawa makorongo mekundu. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO, na mwaka 1979 mifugo ikatolewa kabisa katika eneo lililoharibika zaidi. Majani yalirudi, miti ikarudi, na leo mgeni anayepita huko aweza asijue yaliyokuwapo. Lakini tusisahau nani alilipa. Alilipa mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake kuwapeleka mbali, akaanza maisha upya. Kondoa yatufundisha mambo mawili pamoja: kwamba ardhi iliyochakaa yaweza kupona, na kwamba kuiponya ni taabu kubwa kuliko kuitunza.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalitazami. Wanaosema tuache mkaa tushike umeme husema kana kwamba hivi ni vitu viwili vilivyo mbali. Sivyo. Bwawa la Mtera, lililo mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilikamilika mwaka 1980 kuwa ghala la maji la mtambo wa Kidatu, na mwaka 1988 likapata mtambo wake wenyewe wa megawati 80. Maji yake yaletwa na Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kizigo, na Kizigo wakusanya maji ya nchi ya Manyoni, huko huko magunia yatokako. Kilima kikivuliwa miti, mvua haikai ardhini. Hushuka mara moja ikiwa tope, na tope hilo mwisho wake ni bwawani. Maji yakitoka Mtera huenda Kidatu, na yakitoka Kidatu hushuka hata Rufiji, juu ya Bwawa la Julius Nyerere. Kwa hiyo shoka linalolia Manyoni lasikika katika mitambo mitatu. Wala si mkaa peke yake unaodhuru: tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, hasa kwa sababu ya maji yanayochotwa juu, katika mashamba ya Usangu. Lakini mwenye ndoo inayovuja pawili haachi kuziba tundu moja kwa kuwa liko la pili.

Sasa tuupime umeme wenyewe. Kwa miaka mingi umeme wetu ulikuwa wa maji, na mvua ilipokosa, taa zilizimika. Tuliona mgao katika miaka ya tisini, na tukauona tena mwaka 2006, ambapo haraka ya kutafuta mitambo ya dharura iliingiza nchi katika mikataba iliyoleta tikisiko kubwa Serikalini mwaka 2008. Gesi asilia ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004, ilitupunguzia utumwa wa mawingu, na mitambo ya Kinyerezi ikaongeza. Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere. Mkataba wake ulitiwa sahihi Desemba 2018, mtambo wa kwanza ukaanza kazi Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ikawa tayari, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Taifa lilijenga kwa fedha zake, na wako waliotucheka. Leo hawacheki.

Faida ya umeme jikoni ni kwamba hauna moshi, haukati mti mlangoni, na hauagizwi kwa meli. Tena si kweli kwamba kupika kwa umeme ni anasa ya mabwana wakubwa. Liko jiko la umeme linalobana mvuke, watu huliita presha kuka, ambalo huivisha sufuria ya maharage bila kumaliza yuniti moja. Mama anayechemsha maharage au makande kwa mkaa mchana kutwa na aifanye hesabu hiyo mwenyewe. Lakini hasara zipo. Jiko hilo halinunuliwi kwa kopo. Bei yake yatakiwa yote kwa mara moja, na mwenye mshahara mdogo hana. Halisongi ugali, na bila ugali hakuna mlo. Na umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, watoto hulala njaa au mkaa hurudi. Kwa Dodoma kukatika huko kuna uchungu wa pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya jiji yavutwa kwa pampu kutoka visima vya Mzakwe. Nguvu ikizimika, bomba nalo hukauka. Ndiyo maana njia kubwa ya kilovolti 400 iliyokusudiwa kutoka Chalinze mpaka Dodoma, kuungana na kituo cha Zuzu, ni jambo la kufuatiliwa na kila mwananchi. Umeme mwingi ulioko Rufiji haumsaidii mtu wa Kizota mpaka umfikie akiwa na uhakika nao.

Gesi ya mitungi ina sifa zake. Yawaka mara moja, yazimwa mara moja, na ugali wasongwa bila taabu. Serikali kwa njia ya Wakala wa Nishati Vijijini imegawa mitungi ya kilo sita kwa bei ya ruzuku, na nyumba nyingi zimeonja raha hiyo. Lakini yafaa wananchi wajue kwamba gesi hii siyo ile ya Songo Songo wala ya Mnazi Bay. Hii yaletwa kwa meli, na bei yake yapangwa na watu wasioijua Dodoma. Vita ya Urusi na Ukraini ilipopandisha bei za mafuta na gesi duniani mwaka 2022, jiko la Mtanzania nalo lilihisi. Tena ruzuku ya mtungi wa kwanza hailipi mtungi wa pili. Mtungi usio na gesi ni chuma tu, nao tumeuona katika nyumba kadha umegeuzwa kiti. Kwa hiyo gesi ni daraja zuri la kuvukia, bali hatushauri Taifa lijenge nyumba juu ya daraja.

Na jua je? Mungu ameinyima Dodoma mvua, akaipa jua. Kwa taa, kwa simu, kwa zahanati iliyo mbali na nguzo, na kwa pampu ya kisima cha kijiji, mitambo ya jua imekwisha kuthibitisha faida yake. Serikali imeanza kujenga mtambo mkubwa wa jua Kishapu, Shinyanga, wa megawati 150 kwa jumla, nasi twauliza kwa nini nyanda hizi zisifuate upesi. Hasara ya jua ni kwamba huzama saa ile ile mama anapowasha jiko, na betri za kulihifadhi ni ghali. Upepo wa Singida nao umezungumzwa kwa miaka mingi kuliko ulivyotumiwa. Wenzetu wa Kenya walikwisha kusimamisha mitambo ya upepo ya megawati 310 karibu na Ziwa Turkana. Upepo haukatazwi na mpaka. Kinachotofautiana ni mipango.

Mfugaji asisahauliwe. Mavi ya ng'ombe yakitiwa katika shimo lililojengewa vizuri hutoa gesi ya kupikia, na mabaki yake yabaki kuwa mbolea bora shambani. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimeifanya kazi hiyo tangu miaka ya themanini. Tungetazamia nchi ya ng'ombe kama Ugogo iongoze. Kizuizi ni kwamba ndoo moja ya mavi hutaka kama ndoo moja ya maji, na mama anayefuata maji mbali hawezi kuyamimina katika shimo. Penye kisima karibu, jambo hili ni la faida kubwa. Pasipo na maji, anzeni na kisima.

Baada ya kupima, msimamo wetu ni huu.

Kwanza, wakubwa watangulie. Serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja kwa siku ziache kuni na mkaa. Shule moja ya bweni hula miti kuliko mtaa mzima. Kwa hiyo jiko la shule, la chuo, la gereza, la kambi na la hospitali ndiyo mahali pa kuanzia, na kiongozi atakayekwenda kijijini kumkemea bibi kwa mzigo wake wa kuni, na kwanza achungulie nyuma ya jiko la taasisi anayoisimamia.

Pili, nishati safi iuzwe kama mnyonge anunuavyo. Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 wataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni jema, bali halitafikiwa kwa hotuba. Jiko la umeme likopeshwe na kulipwa kidogo kidogo pamoja na umeme wenyewe. Gesi iuzwe kwa kipimo, mtu alipe kadiri atumiavyo. Mkaa umewashinda wenzake kwa kopo. Basi na hao wengine waje na kopo lao.

Tatu, mkaa usiachwe mikononi mwa walanguzi kwa kisingizio kwamba unakufa. Utakuwapo kwa miaka kadha. Katika Kilosa, tangu mwaka 2012, vijiji vilijaribu utaratibu wa kugawa msitu wao vipande, kukata kwa zamu ndefu ya miaka 24 na kuviacha vipande vingine vikue, na ushuru ukabaki kijijini kujenga madarasa na zahanati. Msitu wenye mwenyewe hulindwa. Vijiji vya Dodoma na Singida vipewe haki hiyo na mafunzo hayo, kwa kipimo cha mvua yao, ambayo ni haba kuliko ya Kilosa.

Nne, Chama chenyewe kiwe na kazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufunza kutoyangoja maendeleo mpaka fedha za wageni zifike. Kila tawi laweza kupanda miti ya kuni na kuitunza mpaka ikue, maana mti uliopandwa siku ya sherehe ukaachwa bila maji ni picha ya gazeti tu. Kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ilizinduliwa mwaka 2017. Kila tawi lihesabu leo miti iliyo hai, lisihesabu mashimo yaliyochimbwa. Vyama vya ushirika vya kuweka na kukopa navyo viweke fungu la majiko, kwa kuwa jiko bora ni mtaji kama jembe.

Ndugu wafanya kazi na wanachama, Uhuru ulikuja ili mtu wa chini apungukiwe mzigo. Mzigo wa kuni ni mzigo kweli, wenye uzito wa kupimwa kwa ratili, na umekaa juu ya vichwa vya mama zetu muda mrefu. Taifa lililoweza kuufunga Rufiji laweza kuutua mzigo huo. Lakini hautatuliwa kwa kumnyang'anya mama kuni zake kabla hatujamwekea kitu kingine chini ya chungu. Tumpe kwanza, naye, kwa akili yake mwenyewe, atauweka chini.